Omba Mbao, Kisha Njoo

Wapendwa wa msalaba na wapendwa wa msikiti, kwa maana huku kwetu kati ya Kasongo na Kabambare baba mmoja huzaa wa pande zote mbili, neno langu leo ni kwa yule aliyepokea barua ya kuhamishiwa Maniema. Wewe fundi wa umeme uliyeko Lubumbashi. Wewe binti wa hapa kwetu Wamaza uliyesomea uhandisi Kinshasa ukapata kiti katika ofisi yenye kiyoyozi. Wewe kijana wa Likasi unayeijua transfoma kama mama anavyomjua mtoto wake. Barua inakutaka uende kwenye idara ya umeme ya jimbo ambayo kila mtu anajua ni mgonjwa, na wenzako wanakupa pole kama mtu aliyefiwa. Unajiuliza ukubali au ukatae. Kabla hujajibu, fungua Kitabu cha Nehemia.

Nehemia alikuwa na kazi nzuri. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta katika ngome ya Shushani, mtu anayelala penye usalama na kula penye shibe. Ndugu yake Hanani akamletea habari za Yerusalemu: ukuta umebomoka, malango yameteketea, watu wako katika dhiki. Hakuna aliyemwandikia barua ya uhamisho. Alilia, akafunga, akaomba kwa Mungu, halafu akaiendea kazi hiyo mwenyewe. Na mfalme alipomuuliza anataka nini, Nehemia hakujibu kwa machozi matupu. Aliomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto wampishe njia, na barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ampe miti ya kujengea malango. Ndugu yangu, shika hapo. Mtu wa Mungu aliyejawa na imani aliomba mbao kabla ya kuanza safari.

Ukuta wetu uko hivi. Maniema ilitoka ndani ya Kivu mwaka 1988 ikawa jimbo. Umeme wa maji tulio nao ni urithi wa migodi ya bati: mitambo ya Lutshurukuru karibu na Kalima, iliyojengwa zama za Wabelgiji ili kulisha migodi, na laini yake ndiyo inayotazamiwa na Kindu. Huku kusini haifiki. Kasongo, mji uliokuwa na jina kubwa zama za mfanyabiashara Tippu Tip mpaka majeshi ya Dhanis, afisa Mbelgiji, yalipouteka mwaka 1893, jua likizama unategemea gurupu, yaani jenereta, la mazutu, betri na vioo vya jua. Mto Lualaba unapita upande wetu, Luama inaumwagia maji yake, na maji yote hayo yanakwenda zake bila kuwasha taa moja huku kwetu. Mwaka 1982 ilimalizika laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, kilomita zipatazo 1,700 mpaka Kolwezi, ikapita juu ya vijiji visivyopata hata waya mmoja. Katika Kongo yote ni takriban mtu mmoja kati ya watano aliye na umeme, na vijijini karibu hakuna. Ibara ya 48 ya Katiba ya mwaka 2006 inahesabu umeme kuwa haki ya raia, pamoja na maji safi na makazi ya heshima. Haki hiyo imekuwa kwenye karatasi muda mrefu kuliko umri wa watoto wengi wa Wamaza.

Kwa hiyo usiniulize kama idara ni mgonjwa. Ni mgonjwa, na sababu moja ya ugonjwa wake ni kwamba wenye ujuzi wameikimbia mmoja mmoja kwa miaka mingi, kila mmoja akiwa na sababu nzuri. Hospitali haiponi kwa madaktari kuruka dirishani.

Lakini, wapendwa, sitamdanganya mtu kwa jina la Mungu. Kumpeleka fundi mahali palipobomoka bila glavu, bila mkanda wa kupandia nguzo, bila kifaa cha kupimia nyaya, bila mafuta ya transfoma, bila pikipiki inayowaka, ni kumtoa sadaka, na sadaka ya namna hiyo Mungu hajaiagiza. Fundi wa namna hiyo hufika na moyo wa moto, akakaa mezani miezi sita akitazama ukuta, mwisho anajifunza kuishi kwa kuwakamua wateja. Basi kabla hujatia sahihi, omba mbao. Uliza mshahara wako utalipwa wapi, maana mtu aliyeko Kabambare akilazimika kwenda Kindu kila mwezi kufuata pesa zake, nusu ya mwezi inaishia njiani. Taka orodha ya vifaa iwe kwa maandishi. Taka barua ya kukutambulisha kwa gavana, kwa wakuu wa territoire na kwa machifu, ili usifike kama mgeni asiye na mwenyeji.

Na omba muda. Hili nalikazia kwa sauti yote niliyo nayo. Mto haupimwi kwa siku moja. Anayetaka kujua kama maporomoko fulani yataendesha mtambo lazima ayapime wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamefura na yakiwa yamepungua, tena mwaka unaofuata, kwa sababu kiangazi cha mwaka huu si cha mwaka ujao. Mkuu wa idara anayebadilishwa kila baada ya miezi michache hawezi kumaliza hata daftari moja la vipimo. Na bila daftari hilo hatuna cha kuonyesha. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango wa umeme kwa wawekezaji wengine mbali na SNEL, shirika la umeme la serikali, na baadaye ikaanzishwa ANSER, wakala wa umeme kwa ajili ya vijiji na pembezoni za miji. Mlango uko wazi, ila anayeingia anauliza: mto unatoa maji kiasi gani, nyumba ni ngapi, mashine za kukoboa mpunga ni ngapi, barabara inapitika miezi gani? Kivu Kaskazini walikuwa na majibu, na mwaka 2015 mtambo wa Matebe, wa megawati zipatazo 13, ukaanza kazi katika nchi ambayo bunduki zilikuwa hazijanyamaza. Sisi tukiulizwa tunaonyesha mto kwa kidole.

Nanyi mnaoandika barua za uhamisho, sikieni. Ndugu zangu Waislamu wanaijua habari ya Muadh bin Jabal alipotumwa Yemen na Mtume Muhammad: Muadh alikuwa amepanda mnyama, na Mtume akamsindikiza akitembea kwa miguu, akimpa mausia njiani. Aliyetuma alitembea, aliyetumwa akapanda. Nyinyi mnatuma kwa karatasi na muhuri, simu ya fundi ikilia hampokei. Zaidi ya hayo, mnamleta Maniema yule mliyemkasirikia. Acheni kuifanya nchi yetu gereza la watumishi wenu wenye makosa! Mama zetu hawajakosa lolote hata waletewe adhabu ya mtu mwingine iwe ndiyo huduma yao.

Nirudi kwako uliyeshika barua. Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache, akazunguka ukuta akiutazama palipobomoka, na hakuwaambia wakuu neno. Fanya hivyo hivyo. Usianze na karamu ya kupokelewa wala hotuba. Zunguka usiku. Pita kwenye chumba cha kujifungulia umwone mkunga ameshika simu kwa meno ili imulike. Pita sokoni, mtu analipa ili betri ya simu ijae. Simama kwenye mashine ya kukoboa: mpunga huu uliletwa huku na wafanyabiashara Waswahili karne ya 19, umekuwa chakula chetu na biashara yetu, na kila kilo inabeba ndani yake bei ya mazutu yaliyosafiri kwa reli mbovu au kwa barabara ya matope. Nenda mpaka upande wa Salamabila. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, uliotangaza uzalishaji wa kibiashara mwezi Januari 2016, uliwasha majenereta yake usiku kucha, na vijiji vya jirani vikaona mwanga huo kwa mbali. Huko pia bunduki zimesikika miaka mingi, sikufichi. Wajenzi wa Nehemia nao walijenga mkono mmoja ukiwa kazini na mwingine ukishika silaha, lakini wewe hutakiwi kushika silaha. Unatakiwa kujua machifu, kusikiliza wenyeji, na kutosafiri siku wanapokwambia usisafiri.

Baada ya kuzunguka ndipo useme. Nehemia aliwagawia watu kazi, wengi wao kila mtu mbele ya nyumba yake. Wafua dhahabu walijenga, watengenezaji wa manukato walijenga, na binti za Shalumu walijenga pamoja na baba yao. Watu wa Wamaza wako tayari kwa hilo. Vijana wetu wanaounganisha vioo vya jua wamejifunza bila mwalimu. Wakusanye, wafundishe namna ya kufunga waya usiochoma nyumba. Wenye mashine za mpunga waite mezani, kwa sababu wao ndio watakaolipa bili ya kwanza.

Kuna jambo la mkate. Miaka 12 Nehemia alikuwa liwali, na miaka yote 12 hakula mkate wa liwali, kwa kuwa watu walikuwa wamelemewa. Fundi, unajua mkate huo ni upi katika kazi yako: waya unaounganishwa usiku kwa pesa ya mkononi, mafuta ya transfoma yanayouzwa kwa chupa, mtaa unaochangishwa nguzo na kebo kisha nguzo zikasimama mahali pengine. Ukija kula mkate huo, baki ulipo. Nasema kwa uchungu na sirudishi neno: afadhali kiti kitupu kuliko mwizi aliyekikalia, kwa kuwa baada yake watu hawatamwamini hata mwaminifu.

Mke wako anauliza watoto watasoma wapi, na mama mkwe anauliza kama umerogwa. Usiwanyamazishe kwa maandiko. Mwenye mtoto anayehitaji matibabu ambayo Kasongo hatuna, na abaki, Mungu hatamhukumu wala mimi sitamhukumu. Wengine wanaweza kuanza peke yao mwaka wa kwanza, familia ikafuata. Ila mwambie mwenzako habari hii pia. Kuanzia miaka ya 1970 madaktari wa Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp na wenzao wa nchi hii walifanya kazi hapa Kasongo, wakaweka vituo vidogo vya afya karibu na watu, na hospitali moja ya kuviegemeza vyote, wakahesabu kwa uaminifu nani amepona na nani amekufa. Mwaka 1981 kazi yao juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo ilichapishwa katika jarida la Lancet, na mfumo wa zone za afya wa nchi nzima ulijifunza mengi kutoka hapa. Mji huu huu unaouogopa uliwahi kufundisha ulimwengu, kwa sababu watu wenye ujuzi walikaa na wakapima. Umeme nao unangoja watu wa namna hiyo.

Basi jibu barua. Andika kwamba unakubali, na chini yake andika orodha ya mbao zako: vifaa, mshahara na mahali utakapolipwa, miaka utakayokaa. Weka nakala kwa gavana, weka nakala kwa chifu, nyingine ibaki nyumbani kwa mke wako au mume wako. Wakikupa, njoo, nasi tutakupokea. Wakikunyima, iandike tena barua hiyo, na sisi wa Kasongo na Kabambare tutie sahihi pamoja nawe.