Saa Ilirudi Nyuma, Jua Halikurudi

Tumwite Kambale. Kule Butembo, mashariki mwa Congo, mzaliwa wa pili wa kiume katika nyumba nyingi huitwa hivyo, kwa hiyo jina halitamfichua mtu. Ni mtoto wa komini ya Kimemi aliyehamia Kampala, akafungua duka la vipuri, akaoa, akapata watoto watatu ambao nyumbani kwa babu yao walikuwa wanapajua kwa simu tu. Mwaka mmoja akaamua kuwapeleka vakanse.

Alianza na kitanda. Aliona picha za hoteli, bustani, vilima vya kijani nyuma yake, akatuma malipo ya siku tano kwa simu. Ndipo akampigia dada yake mkubwa.

"Yaya, nimeishalipa hoteli."

"Hoteli? Nyumba ya baba imebomoka?"

"Hapana, yaya. Watoto wamezoea maji moto."

"Maji tunachemsha. Haya, na barabara umeishaiuliza?"

Kambale alicheka. Barabara ataiuliza nini, na alizaliwa kando yake?

Tarehe yenyewe ilichaguliwa na shule. Watoto wa Uganda hufunga shule Mei, halafu mwisho wa Agosti hadi Septemba, halafu Desemba na Januari. Mvua za Butembo nazo zina ratiba yao: mji uko karibu kabisa na ikweta, mstari unaopita kati yake na Lubero, na mvua huja mara mbili kwa mwaka. Miezi yenye nafuu ni Januari na Februari, kisha Juni na Julai. Ukizilaza ratiba hizo mbili pamoja utaona kwamba likizo ya Mei na ile ya Agosti zote zinaangukia kwenye matope. Inabaki Januari tu. Kambale alichagua Agosti, na mkewe, aliyesikia neno ikweta, akafunga kaptula na viatu vya wazi. Butembo ni mji wa milimani. Usiku wake unataka sweta.

Kuhusu njia, hesabu yake ilikuwa ya karatasi. Kasindi, mpakani upande wa Congo, hadi Beni kilomita 80, Beni hadi Butembo 54. Mwezi Juni 2021 marais Museveni wa Uganda na Tshisekedi wa Congo walikutana Mpondwe, mpakani upande wa Uganda, kuzindua ujenzi wa barabara hizo pamoja na ile ya Bunagana hadi Goma, kilomita 223 kwa jumla, na Kambale alikuwa ameichukua habari ile kama lami iliyokwisha kukauka. Hata kama ingekuwa imekauka, lami haiondoi bariyeri. Njia ya Kasindi inakatiza hifadhi ya Virunga na kuvuka mto Semuliki, na tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limezika watu wengi mno kwa mauaji ya waasi wa ADF. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Shofere wa njia ile anakwambia saa ya kuondoka, na ukimuuliza saa ya kufika anakuangalia tu.

Na hapo kwenye saa ndipo mpango ulipovunjikia. Congo ya mashariki iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Kambale alikuwa analijua hilo tangu utotoni, tena alikuwa ameliweka kwenye hesabu kama faida: tukifika Mpondwe saa tisa alasiri, ng'ambo ni saa nane, basi tumepata saa moja ya bure. Kumbe saa ya ukutani ndiyo iliyorudi nyuma, jua halikurudi. Kampala giza huingia karibu saa moja ya jioni. Butembo huingia karibu saa kumi na mbili.

Mpakani walikuta foleni, kisha wakakuta kadi ya manjano. Mtoto mdogo alikuwa amechanjwa homa ya manjano siku mbili kabla ya safari, haraka haraka, baba akiamini kadi ni kadi. Afisa wa afya aliishika, akaisoma tarehe, akahesabu kwa vidole juu ya meza. Chanjo hiyo huanza kutambulika baada ya siku kumi. Hakuomba kitu, hakupandisha sauti, akairudisha kadi. Na alikuwa sahihi. Nasema hivyo kwa sababu wasafiri wetu wengi, wakikwama mpakani, hukimbilia kudhani wanadaiwa chai.

Mama na mtoto wakarudi Bwera, upande wa Uganda, kwa jamaa zao Wakonjo. Kambale akavuka na wawili wakubwa, akahamia upande wa kulia wa barabara kama Congo inavyotaka, akasimama kubadili fedha. Mama wa kubadilisha alizichukua dola zake moja moja, akaziinua kwenye mwanga, akapitisha ukucha pembeni mwa kila noti. Mbili akazisukuma kando.

"Hii imepasuka, baba."

"Ni kidogo tu, mama."

"Kidogo ndiyo imepasuka. Hata Butembo watakatala."

Jua lilikuwa limeshaelemea magharibi. Shofere wawili aliowauliza walimjibu neno moja: kesho. Wakalala Kasindi, na hoteli ya Butembo ikahesabu usiku wa kwanza kama kawaida, kwani chumba kilikuwa wazi kikiwangoja. Kesho yake mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kusimama Mutwanga watoto wautazame mlima Ruwenzori, ahadi aliyoitoa kwa picha ya zamani, yaya alikataa kwa simu kabla hajamaliza kuuliza. Waliingia Butembo jioni, watoto wakitetemeka, na kitu cha kwanza walichonunua mjini mwao kilikuwa masweta ya mitumba.

Usiku mmoja walilala hotelini. Siku zilizobaki walikuwa Kimemi, kwenye nyumba ya babu, maji yakichemshwa kwa makaa, na mimi sioni kama watoto walipungukiwa na kitu isipokuwa mama yao. Yaya hakumsimanga mdogo wake mbele yao. Alingoja walale, akamwomba risiti ya hoteli, akaisoma yote mpaka chini, akamrudishia.

Januari iliyofuata Kambale alipiga simu kwanza. Kadi zote zilikuwa zimeiva, dola zimenyooka, masweta yako mfukoni.

"Yaya, barabara inasemaje?"

"Wiki hii msikuye. Juzi magari yamerudia njiani."

"Na wiki ijayo?"

"Wiki ijayo utaniuliza wiki ijayo. Hoteli umelipa?"

"Sijalipa."

"Basi, hakuna haraka."