Njia Mbili, Zote za Matope



Sisi tunaoishi kati ya Kitale na Bungoma tunaijua miezi ya Aprili na Mei. Barabara ya lami itokayo Kitale kwenda Webuye, na kutoka huko hadi Bungoma, haitusumbui sana. Taabu iko kabla ya kuifikia lami. Mvua ikinyesha juu ya Mlima Elgon, mito kama Kuywa na Kibisi hujaa hata mahali ambapo siku hiyo halijadondoka tone. Njia ya bondeni ni fupi, lakini udongo wake mweusi hushika gurudumu na kijito hakina daraja. Njia ya mgongo wa kilima ni ndefu, na udongo wake mwekundu huteleza kama sabuni. Mwenye mzigo hana njia nzuri ya kuchagua. Anachagua kati ya matope na matope.

Ndoa nayo hufika hapo mara nyingi. Karo inadaiwa: tumwuze ndama, au tukodishe ekari moja kwa jirani? Baba amepata kibarua Nairobi: tuhame sote, au mama abaki na shamba? Mama mkwe anaugua: aje kwetu, au tumpelekee msaada kwake? Kila upande una hasara yake. Wako watu ambao wakiona hivyo hudhani kwamba Mungu amewaacha, au kwamba walikosea siku ile waliposema "Ndiyo" mbele ya altare. Ndugu zangu, sivyo. Matope ni ya msimu. Linalopasa kuulizwa ni hili: njia mliichaguaje, na mzigo mnaubebaje?

Magunia sita na kimya kimoja

Bwana na bibi mmoja wa upande huu wetu walikuwa na magunia sita ya mahindi, ya kilo 90 kila moja. Ilikuwa mwezi wa Mei, na watoto wao wawili walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Jioni, huko sokoni, bwana alipatana na mwenye mkokoteni wa punda kwamba watapita bondeni ili wawahi lori la mnunuzi kwenye lami. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe saa ya kuondoka tu.

Sasa, mke huyo huteka maji katika kijito kile kile kila siku. Jioni hiyo alikuwa ameona mawe ya kuvukia yamefunikwa. Alijua kwamba mkokoteni hautapita. Lakini wiki chache nyuma alipotoa maoni juu ya mbegu, aliambiwa mbele ya wageni, "Wewe unajua nini?" Basi akajiambia moyoni: Acha aone mwenyewe.

Asubuhi mkokoteni ulizama katikati ya maji. Punda akagoma. Wakashusha magunia, wakayapunguza ndoo kwa ndoo, wakabeba kichwani na mgongoni, watoto nao wakisaidia, mpaka ng'ambo. Magunia mawili yaliloa. Lori lilikuwa limekwisha kwenda. Hapo ndipo mama alipofungua kinywa: "Nilijua, Baba watoto." Bwana akageuka. "Ulijua, na ukanyamaza?"

Mahindi yalianikwa, na sehemu kubwa ikaokolewa. Lakini kwa wiki nyingi wale wawili walikaa nyumba moja wakisemezana kupitia watoto.

Ukiisimulia habari hii katika Jumuiya, wanaume watasema mama ndiye mwenye kosa, na wanawake watasema ni baba. Mimi nasema kosa lilikuwa la wote wawili, nalo ni moja: njia ilichaguliwa na nusu ya ndoa. Nusu iliyokuwa na habari za maji haikuulizwa, wala yenyewe haikusema.

Kichwa kina masikio

Akina baba, tunapenda sana kuutaja mstari wa Mtakatifu Paulo kwa Waefeso, sura ya 5, aya ya 22, unaosema juu ya wake kuwatii waume. Tusome basi kuanzia aya ya 21, ambapo Mtume anawataka Wakristo wote wanyenyekeane kwa kumcha Kristo. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake Mulieris Dignitatem ya mwaka 1988, alifundisha wazi kwamba unyenyekevu huo katika ndoa ni wa pande zote mbili, wa mke kwa mume na wa mume kwa mke. Ukisema wewe ni kichwa cha nyumba, kumbuka kwamba Mungu alikipa kichwa mdomo mmoja na masikio mawili.

Mzee Tobiti alikuwa baba wa nyumba, tena mwenye haki. Alipotaka kumtuma mwanawe Tobia safari ya Media, hakujifanya anajua kila kitu. Alimwambia atafute mtu wa kumwongoza, na huyo aliulizwa kwanza kama anaijua njia (Tobiti, sura ya 5). Hawakujua kwamba wanamwuliza Malaika Rafaeli. Nani ajuaye? Huenda Rafaeli wa nyumba yako ndiye yule anayerudi kisimani na ndoo kichwani.

Nanyi akina mama, nisikilizeni kwa upole. Ukijua kwamba maji yamejaa, ukanyamaza ili mwenzako aaibike, kimya hicho kisiitwe utii. Ni kisasi kinachongoja siku yake. Anayezama bondeni ni mwenzako, na karo iliyoloa ni ya watoto wenu wawili. Kama alikukata maneno wiki iliyopita, mwambie hivyo siku yake: "Baba watoto, neno lile liliniuma." Usililipe kwa mahindi.

Hapa lazima niseme jambo moja. Kama mwenzako anakupiga kila unapotoa neno, hilo si suala la kuchagua njia tena. Mtafute padre wenu, wazee wa ukoo wenye busara, na serikali pia ikibidi. Kanisa halimwambii mtu yeyote kwamba Sakramenti ya Ndoa inamtaka avumilie kipigo.

Mzigo wa mwenzio

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayechagua njia bila kubeba huona kila mlima ni tambarare. Baba husema, "Mama abaki na shamba," bila kuhesabu palizi, ng'ombe, watoto, na usiku wa peke yake. Mama husema, "Abaki Nairobi mpaka Krismasi," bila kuhesabu chumba cha kukodi na upweke unaomvuta mtu mahali pasipofaa. Kabla ya kuchagua, kila mmoja auinue kidogo mzigo wa mwenzake aone uzito wake.

Kanisa lina mtakatifu aliyeijua kazi hii kwa mabega yake. Mtakatifu Jean de Brébeuf, padre Mjesuiti kutoka Ufaransa, alikwenda kuwahubiria watu waitwao Wahuroni katika nchi ambayo leo ni Kanada. Huko aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 1649. Safari zao zilikuwa za mtumbwi. Kila walipofika kwenye maporomoko iliwabidi washuke, wabebe mtumbwi na mizigo kwa miguu hadi kwenye maji matulivu. Katika safari ya mwaka 1634 alihesabu kwamba walibeba mara 35, na kuuburuta mtumbwi mara zisizopungua 50.

Mwaka 1637 aliwaandikia mapadre wenzake waliokuwa wanajiandaa kwa safari hiyo. Hakuanza na mambo makubwa ya elimu. Aliwaambia wasiwacheleweshe wenzao wakati wa kupanda mtumbwini. Mahali pa kubeba, kila mmoja ajitahidi kubeba kitu kadiri ya nguvu zake, hata kama ni chungu tu, kwani wenyeji hupendezwa na hilo. Tena mtu asishike kasia kama hana nia ya kuendelea kulipiga.

Mashauri hayo yanafaa kusomwa katika kila semina ya wachumba. Chungu kimoja hakipunguzi sana uzito wa safari, lakini kinamwambia mwenzako: tuko pamoja. Mume anayeamka kuwasha moto mkewe akiwa mgonjwa amebeba chungu. Mke anayepunguza matumizi yake wakati kazi ya mumewe imekwisha amebeba chungu. Na yule anayeanza kusaidia Jumatatu akaacha Jumatano, huyo ni afadhali asingegusa kasia.

Njia ikishindikana

Mnaweza kuomba, kuulizana, kuchagua pamoja, na bado mkazama. Hapo ndipo ndoa nyingi huumia kuliko mahali pa kuchagua.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, Mtume Paulo aliwaonya wenzake wasiendelee na safari ya bahari msimu ule. Akida akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu. Dhoruba ikaja, wakakata tamaa. Paulo alisimama, na ni kweli aliwakumbusha kwamba wangemsikiliza wasingepata hasara ile. Lakini angalieni: alisema mara moja, na papo hapo akawapa moyo. Baadaye akawahimiza wale, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote. Watu 276 walifika pwani salama. "Nilikuambia" ikisemwa mara moja na kufuatwa na mkate, inaweza kufundisha. Ikirudiwa kila mvua inaponyesha, inakuwa sumu.

Wala msione haya kugeuka. Mamajusi walirudi kwao kwa njia nyingine. Yosefu alipokuwa anarudi kutoka Misri, alisikia habari za Arkelao, akaiacha Uyahudi na kuipeleka familia yake Galilaya (Mathayo 2). Baba wa Familia Takatifu alibadili njia, na hakupungukiwa na heshima.

Kabla ya kufunga mzigo

Nawashauri mfanye hivi mnapokuwa na uamuzi mzito:

1. Kaeni wawili, watoto wakiwa wamelala na simu zimezimwa. Anzeni kwa sala fupi.
2. Kila mmoja aseme anachokijua, na mwingine asimkatize mpaka amalize.
3. Hesabuni gharama ya kila njia, kwa shilingi na kwa nguvu. Nani atabeba nini?
4. Msitoe ahadi kwa mtu wa nje kabla ya kukubaliana nyumbani.
5. Mkishachagua, njia ni yenu wote wawili. Isiitwe tena "njia yako".

Maswali ya kujadiliana wiki hii: Ni jambo gani ninalolijua ambalo sijamwambia mwenzangu, na kwa nini? Ni lini mara ya mwisho nilimwuliza, nikamsikiliza mpaka mwisho?

Tuombe

Ee Bwana, uliyemtuma Rafaeli amsindikize Tobia na kumfikisha kwa Sara mkewe, utusindikize na sisi. Utupe ulimi wa kusema kwa wakati wake na sikio la kusikia bila hasira. Tukipita kwenye matope, mmoja wetu asimwache mwenzake nyuma. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.