Dawa, Faraja na Ukweli

Ugonjwa hubadili mizani ya akili. Mtu mwenye afya huchagua maneno ya kusadiki. Mgonjwa aghalabu husadiki neno la kwanza lenye tumaini ndani yake. Kwa sababu hii anayemhudumia mgonjwa ana mamlaka makubwa kuliko anavyodhani, na katika mamlaka hayo limo swali kongwe la maadili: je, ni haki kumpa mgonjwa dawa ambayo nguvu yake haikuthibitishwa, maadamu humpa faraja? Swali hili huonekana jepesi likizungumzwa hewani. Huwa zito likiwekwa juu ya kitu kinachoshikika, na mti mmoja wa Ulaya unafaa kwa kazi hiyo.

Wataalamu wa mimea huuita Sambucus nigra. Kwa ajili ya insha hii na uitwe msambuku. Ni mti mdogo, wala si wa fahari. Humea penye vichaka na kandokando ya mashamba, hutoa vishada vya maua meupe wakati wa kiangazi, na baadaye matunda madogo meusi yenye maji ya rangi ya zambarau. Maua hukaushwa yakafanywa chai. Matunda huchemshwa kwa sukari au asali yakawa sharubati. Vyote viwili vimenywewa kwa karne nyingi dhidi ya mafua ya kawaida na homa ya mafua. Mwaka 1631 Martin Blochwich alichapisha kwa Kilatini kitabu kizima juu ya mti huu, Anatomia Sambuci, nacho kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1655. John Evelyn, Mwingereza aliyeandika juu ya miti katika Sylva mwaka 1664, aliusifu kana kwamba hapana maradhi ambayo mtu wa shamba angeyakosea dawa akiujua vema. Huko Denmark watu waliamini kuwa ndani ya mti hukaa mama mwenye mti, na kwamba ni utovu wa adabu kukata tawi kabla ya kumwomba ruhusa. Hans Christian Andersen alimfanyia hadithi mama huyo mwaka 1844. Hadithi yenyewe huanza kwa mtoto aliyelowa miguu akapata mafua, na mama yake akamtilia maua ya msambuku katika buli.

Sifa kubwa namna hii haikosi chanzo, lakini chanzo cha sifa si lazima kiwe nguvu ya dawa. Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina zaidi ya 200, na mara nyingi huondoka yenyewe baada ya siku 7 hadi 10. Mtu hatafuti dawa siku ya kwanza, koo linapoanza kuwasha. Huitafuta siku ya tatu au ya nne, maradhi yamefika kileleni. Baada ya kilele ni mteremko. Kikombe chochote kinachonywewa kileleni hupokea shukrani ya mteremko, kiwe cha msambuku, cha tangawizi, au cha maji matupu. Wahenga wa Kiswahili waliliona kosa hili la hoja zamani, waliposema kuwa jogoo likiwika lisiwike, kutakucha. Jogoo hana hila. Huwika kwa wakati wake. Kosa ni la msikilizaji anayemshukuru kwa jua.

Hata hivyo, kutilia shaka chanzo cha sifa si kuikana dawa. Ganda la mti wa Amerika ya Kusini lilitumiwa dhidi ya homa ya malaria muda mrefu kabla ya Pelletier na Caventou wa Ufaransa kuipata kwinini ndani yake mwaka 1820. Aliyelidharau ganda hilo kwa sababu tu lilisifiwa na watu wasio na vyuo alikuwa mjinga sawa na aliyelisadiki bila ya kulipima. Mzee si shahidi wa uongo kwa kuwa mzee, wala mtaalamu si shahidi wa kweli kwa kuwa mtaalamu. Baina yao anatakiwa hakimu, na hakimu huyo ni jaribio la haki.

Msambuku umepelekwa mbele ya hakimu huyo mara kadhaa. Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Norway. Wagonjwa 60 wenye dalili za homa ya mafua waligawanywa. Wengine walipewa mililita 15 za sharubati ya msambuku mara 4 kwa siku kwa siku 5, na wengine kinywaji cha kufanana nayo kisicho na dawa. Waliokunywa msambuku walipata nafuu mapema kwa wastani wa siku 4. Habari hiyo ilikuwa njema, ila watu 60 ni wachache. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya wasafiri 312 wa ndege waliotoka Australia: msambuku haukuonyesha wazi kuwa huzuia mafua, lakini walioumwa baada ya kuutumia waliumwa siku chache zaidi. Kisha mwaka 2020 likatoka jaribio la Marekani la wagonjwa 87 wa homa ya mafua, wakubwa kwa watoto, na faida haikuonekana. Hukumu ya haki, basi, si kwamba dawa hii ni ya uongo, wala si kwamba ni ya kweli. Ni kwamba kesi haijakwisha.

Sasa swali la maadili laweza kuulizwa barabara. Watetezi wa faraja husema: kesi isiyokwisha haimhusu anayetetemeka kitandani. Mgonjwa haulizwi uji, hupewa. Wana shahidi mkubwa, maana Plato katika Jamhuri yake alikubali kuwa uongo waweza kufaa mfano wa dawa, na kwamba uachwe mikononi mwa matabibu. Ikiwa neno tamu humlaza mgonjwa usingizi, kwa nini aamshwe kwa hesabu za majaribio?

Hoja hii ina huruma, lakini ina upungufu wa namna mbili. Kwanza, humfanya mgonjwa mtoto. Aliyedanganywa kwa wema amenyang'anywa haki ya kuamua jambo la mwili wake mwenyewe, na wema wa mnyang'anyi hauirudishi haki hiyo. Pili, uongo wa faraja haukai pale ulipowekwa. Mwenye kuambiwa kuwa msambuku hutibu homa ya mafua atautegemea hata siku ambayo homa imeshuka mapafuni. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa homa hiyo huua kwa maradhi ya pumzi watu baina ya 290,000 na 650,000 kila mwaka, na dawa za hospitali zinazopigana na virusi vyake hufaa zaidi zikianzwa katika saa 48 za mwanzo. Kikombe hakikumdhuru mgonjwa. Kilichomdhuru ni siku mbili alizokingoja kikombe.

Tena mti wenyewe hauna upole wote unaosimuliwa. Majani, vijiti, maganda na matunda mabichi yana kitu kinachoweza kutoa sumu ya sianidi, na ndiyo sababu ya desturi ya kuyapika matunda. Agosti 1983 huko California watu walikunywa maji yaliyokamuliwa bila ya kupikwa kutoka matunda ya msambuku wa nchi hiyo, pamoja na majani na vijiti vyake. Watu 11 waliugua, na 8 kati yao walichukuliwa kwa helikopta mpaka hospitali. Wote walipona. Walidhani kuwa kitokacho kichakani hakiwezi kudhuru. Lakini maumbile hayakula kiapo cha kumfaa binadamu.

Je, ukweli basi umwondolee mgonjwa kikombe chake? Hapana. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Marekani lililofanywa kwa watu 80 wenye maradhi ya tumbo yasiyokwisha upesi. Baadhi yao walipewa vidonge huku wakiambiwa waziwazi kuwa havina dawa ndani yake. Walieleza kupata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakupewa kidonge. Jaribio hilo halisemi kuwa kidonge kitupu huua virusi. Lilipima maumivu yanavyosikiwa na mwenyewe. Lakini lilidhoofisha nguzo ya hoja ya Plato, kwa kuonyesha kuwa faraja yaweza kusimama bila ya kuegemea uongo.

Tofauti iliyobaki ni ya maneno yanayofuatana na kikombe. Mama amwambiaye mtoto, "Kunywa, mwanangu, itakupasha moto," amesema kweli tupu. Maji ya moto hulainisha koo. Mkono wa mama juu ya paji la uso hupunguza hofu. Na kukesha kwake ni ulinzi, kwa kuwa atakuwa wa kwanza kuona pumzi inapokuwa nzito. Mchuuzi aandikaye juu ya chupa ileile kuwa ni kinga ya homa ya mafua ameuza asichokijua kwa mtu mwenye hofu. Kinywaji ni kimoja. Matendo ni mawili.

Mgumu kuliko wote ni mama anayesadiki kwa moyo safi kuwa msambuku hutibu. Huyu hasemi uongo, maana uongo huhitaji nia. Lakini usafi wa moyo si elimu, na mtoto hapumui kwa nia ya mama yake. Wajibu wake si kukivunja kikombe alichorithi kwa mama yake. Ni kuziangalia dalili: pumzi za haraka, homa inayorudi baada ya kushuka, akili inayopotea. Akiziona, akiache kikombe na kumchukua mtoto kwa mganga wa hospitali usiku uleule. Na wenye elimu wana wajibu wao: wampe ujuzi huo kwa lugha anayoielewa na bila ya dharau, kwa sababu mtu aliyedharauliwa hurudi kwa anayemheshimu, hata kama anayemheshimu ni mchuuzi.