Kingamwili, Wazimu na Swali la Lawama

Katika sura ya tisa ya Injili ya Yohana, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na jambo la kwanza wanalotaka kulijua ni dhambi ilikuwa ya nani. Swali la aina hiyo halijazeeka huko Miti, katika Kivu, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara itokayo Bukavu kwenda Katana, kwa kuwa kijana anapoanza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, ukoo hutafuta kwanza mlozi, laana au pepo, na mara nyingi chumba cha maombi hutangulia kituo cha Sosame, hospitali ya magonjwa ya akili ambayo Mabruda wa Upendo wanaiendesha mjini Bukavu tangu mwaka 1994.

Elimu ya kinga ya mwili imeuingilia mjadala huo bila kualikwa. Kingamwili ni protini ambazo mwili huziunda ili kushika vijidudu na kuviangamiza. Lakini mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, walieleza ugonjwa ambao kingamwili hushambulia vipokezi vya ubongo, yaani sehemu ambazo chembe za neva hupokelea ujumbe, na mgonjwa, mara nyingi mwanamke kijana, huweweseka, huona yasiyokuwapo na kuwashuku watu wa nyumbani mwake, kisha, akitibiwa mapema kwa dawa za kutuliza kinga, aghalabu hurudiwa na akili zake. Asiyejua kipimo cha kingamwili hizo angeapa kwamba pepo ametoka, na hata mwanatheolojia mwenye busara hana budi kukiri kwamba, kwa macho matupu, mambo hayo mawili hayatofautiki.

Hata hivyo ugonjwa huo si skizofrenia yenyewe, yaani ule ugonjwa wa akili ambao mara nyingi huleta sauti kama zile za kijana wa Miti. Miongoni mwa watu wenye skizofrenia, ambao ni takriban 1 kati ya 300 duniani, tafiti zimeona kwa wastani kiwango cha juu cha interlukini-6, protini inayoashiria kwamba kinga imeamka, na pia kingamwili dhidi ya toksoplasma, kimelea kinachoenezwa na paka. Tena mwaka 2016 jeni ya C4, iliyo sehemu ya mfumo wa kinga, ilihusishwa na hatari ya kuugua. Lakini wastani wa kundi haumtambulishi mtu mmoja, na katika Kivu, ambako malaria na minyoo huamsha kinga ya watu wenye akili timamu kabisa, kiwango cha interlukini-6 hakiwezi kumtenga mgonjwa na jirani yake.

Basi anayetumaini kwamba lawama itakoma pindi maabara itakapoonyesha chanzo katika damu, ameijenga huruma juu ya cheti ambacho wengi hawatakipata kamwe, na yule ambaye damu yake haionyeshi kitu atarudishwa kwa waganga na kamba zao. Sheria ya Kiislamu iliona mbali zaidi ilipomwondolea mwenda wazimu wajibu wa ibada mpaka apone, bila kudai kwanza kujua wazimu ulitoka wapi; naye Yesu, katika sura ileile ya Yohana, hakumtaja mkosaji yeyote, bali alimponya kipofu. Mchungaji wa chumba cha maombi na aendelee kuomba, lakini kumzuilia mgonjwa dawa, kumfunga au kumnyima chakula kwa jina la mfungo ni kosa mbele ya dini yake mwenyewe kabla ya kuwa kosa mbele ya tiba.