Ushindi ni wa Nani?

Msimu wa kulima huku Susuni twaona plau ikipasua ardhi, na mtu mzima ameishika kwa nyuma. Mbele ya maksai huenda kijana mdogo akiwaongoza. Mistari ikinyoka, husifiwa mshika plau. Ikipinda, kijana hukemewa. Tumeliona jambo hili tangu utoto wala hatukulifikiri. Tulianza kulifikiri tuliposoma habari za Benjamin Ayimba wa Kenya, na leo twapenda kuuliza: mtu akifundisha wengine, nao wakashinda, je, ushindi ni wake? Na kama ni wake, kushindwa kwao je?

Ayimba alizaliwa mwaka 1976. Alisoma Maseno, shule ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1906, wala si mbali nasi sana: avukaye mpaka pale Sirari, akapita Migori mpaka Kisumu, amekwisha kuikaribia. Mchezo wake ulikuwa raga. Wengi wetu hatujauona. Mpira wake ni mrefu kama yai, hubebwa mikononi, na mchezaji ampaye mwenziwe kwa mkono hana ruhusa kuutupa mbele. Sharti autupe kando au nyuma. Namna moja huchezwa na watu saba kila upande, kwa kawaida dakika saba, mapumziko kidogo, kisha dakika saba tena. Ni muda wa kuchemsha chai tu. Ayimba alikuwa nahodha wa Kenya katika mchezo huo, akacheza hata Uingereza katika timu ya Cornish Pirates, kisha akawa mwalimu wa timu aliyoichezea.

Mwaka 2009 aliwapeleka vijana wake Dubai, kwenye Kombe la Dunia la wachezaji saba. Huko waliwashinda Fiji, waliokuwa wenye kombe, wakaingia nusu fainali, wakaangushwa na Argentina. Kombe lilichukuliwa na Wales. Baadaye Ayimba alitoka katika kazi ile, kisha akarudishwa. Na tarehe 17 Aprili 2016, mjini Singapore, Kenya iliwashinda Fiji tena, pointi 30 kwa 7, katika fainali. Lilikuwa kombe la kwanza la Kenya katika mashindano yale yanayozunguka dunia kila mwaka. Nahodha alikuwa Andrew Amonde, na Collins Injera alikimbia siku ile kama mtu asiyeshikika. Mwalimu alisifiwa nchi nzima.

Miezi minne tu ikapita. Mwezi wa Agosti, katika Michezo ya Olimpiki huko Rio de Janeiro, Kenya ilishindwa na Uingereza, na New Zealand, na Japani, ikamaliza ya 11 kati ya timu 12. Nao Fiji, wale wale wa Singapore, walichukua medali ya dhahabu. Ayimba hakuendelea na kazi.

Basi na tutazame vema. Kama mwalimu hupimwa kwa siku moja, mwalimu wa Fiji alikuwa mbovu mwezi wa Aprili na hodari mwezi wa Agosti, na Ayimba kinyume chake. Je, elimu ya mtu hugeuka hivyo katika miezi minne? Hatuamini. Huenda mtu atatujibu: mwalimu hulipwa ili ashinde, naye apokeaye sifa na apokee lawama. Neno hili lina haki ndani yake, wala hatutaki kulikwepa. Lakini mchezo ukianza mwalimu huketi nje. Kazi yake imekwisha kufanyika katika asubuhi nyingi ambazo hakuna aliyekuja kumpigia makofi. Hapo ndipo aulizwe: uliwaandaa? Na swali hilo aulizwe akishinda na akishindwa vilevile. Watu humwuliza akishindwa tu.

Ayimba alishikwa na malaria, ugonjwa tuujuao sote, ikampanda kichwani, akafa Nairobi tarehe 21 Mei 2021, akiwa na umri wa miaka 44. Katika kumlilia, watu walilitaja sana kombe la Singapore.

Sisi walimu habari hii imetuchoma, tuseme kweli. Mwaka mmoja kijana wetu alifaulu mtihani wa kwenda sekondari. Tulikwenda kwa baba yake, tukanywa chai, tukapewa kuku, na njiani tukamwambia kila tuliyekutana naye kwamba huyu ni mwanafunzi wetu. Mwaka uliofuata mwingine, aliyeketi dawati lile lile, alianguka. Tulimwambia baba yake kwamba mtoto ni mvivu. Hakuwa mvivu. Alikuwa akikamua ng'ombe kabla ya jua kutoka, akifika amechelewa, nasi hesabu tulikuwa tukiifundisha saa ya kwanza. Hatukumwuliza hata mara moja, wala hatukuibadili saa ile.

Yule baba angali hai, nyumba yake ni ng'ambo ya kijito. Jumamosi hii twakusudia kwenda kumwambia. Kuku hatutamtazamia.