Gari Lisilo na Pampu ya Oili

Njoo, ndugu msomaji, tusimame pamoja mbele ya Ford Model T, gari lililoanza kuundwa Detroit, Marekani, mwaka 1908, na hadi lilipoachwa kuundwa mwaka 1927 lilikuwa limepindukia milioni 15 kwa idadi. Boneti liko wazi. Silinda nne zimejipanga mstari mmoja. Sasa tuitafute pampu ya oili, tuzunguke kushoto, tuzunguke kulia, tuchungulie na uvunguni. Haipo. Geji ya oili mbele ya dereva nayo haipo, wala kile kijiti cha kuchomoa na kufuta kwa kitambaa. Na bado chuma kinazunguka ndani ya chuma, mara elfu moja na zaidi kwa dakika, katikati ya moto na mngurumo, bila kulana.

Siri yake iko nyuma ya injini, kwenye flaiwili. Gurudumu hilo zito limefungiwa sumaku 16 zinazozalisha umeme wa kuwasha plagi, na sehemu yake ya chini inaogelea ndani ya oili. Kwa hiyo linapozunguka linafanya kazi mbili kwa mzunguko uleule: linatoa cheche, na linachota oili na kuirusha juu. Ndani ya kifuniko kuna faneli ndogo inayodaka sehemu ya oili hiyo na kuiingiza katika bomba jembamba lililolazwa hadi mbele kabisa ya injini. Hapo oili inazimwagikia gia, kisha inaanza safari ya kurudi. Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga, na oili hii haina ubishi na neno hilo: inateremka polepole kwenye sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, kuelekea nyuma, na njiani inajaza vijibonde vilivyofinyangwa chini ya konrodi, zile fimbo zinazoshikilia pistoni. Kila konrodi ikishuka inachovya ncha yake humo, kama kata inavyochovya mtungini, na ikipanda inarusha matone pande zote. Injini nzima inajaa ukungu wa oili. Kuta za silinda zinalowa, pistoni zinateleza, beringi zinakunywa. Yote hayo kwa oili isiyofika lita nne, inayozunguka na kurudi, kurudi na kuzunguka, bila kitu cha kuisukuma ila mwendo wa injini yenyewe na ule mvutano wa dunia uliokuwapo kabla ya Adamu.

Hapo ndipo moyo wangu hunyenyekea. Henry Ford na mafundi wake walikuwa werevu, hatuwanyimi sifa yao. Lakini werevu wao ulikuwa wa mtu aliyeona mto unashuka akaweka kinu chake ukingoni. Mto hawakuuchimba wao.

Na tukisogea karibu zaidi, hadi pale ambapo jicho haliwezi kufika, tunakuta ajabu iliyo kubwa kuliko zote. Mwaka 1883 Mwingereza mmoja, Beauchamp Tower, alitoa taarifa ya majaribio yake juu ya beringi za aina iliyotumiwa na treni. Mhimili ulikuwa ukizunguka, sehemu yake ya chini ndani ya oili, na beringi iliyobeba mzigo ikiwa imekaa juu yake. Tower alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kikombe cha kulainishia. Mashine ilipowashwa, oili ilipanda na kutoka kwenye tundu hilo. Akaliziba kwa kizibo cha gome. Kizibo kikasukumwa nje. Akagongomea kipande cha mti, nacho kikatoka. Mwishowe alifunga geji, nayo ikaonyesha zaidi ya ratili 200 kwa kila inchi ya mraba. Maana yake ni nini? Mhimili na beringi, vilivyodhaniwa kwamba vinagusana na kusuguana, vilikuwa vimetenganishwa. Mhimili unapozunguka hujivutia oili mpaka kwenye upenyo mwembamba, oili inakataa kubanwa, inanyanyua mzigo wote na kuubeba. Chuma kinaelea! Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds aliandika hesabu ya jambo hilo, na hesabu yake inatumika hadi leo. Lakini utando huo, mwembamba kuliko unywele, ulikuwa ukibeba mizigo ya wanadamu tangu mtu wa kwanza alipopaka shahamu ekseli ya mkokoteni, na hakuna aliyejua.

Nani aliyeyapa mafuta tabia hiyo, yashikamane na chuma lakini yasikizuie kwenda? Tena si mafuta ya kuchimbwa ardhini peke yake. Mnyonyo tunaupita kila siku, umejiotea kando ya njia na pembezoni mwa majalala, na wengi wetu tunayajua mafuta yake kwa nywele na kwa tumbo lililofunga. Mwaka 1909 kampuni ya Charles Wakefield huko Uingereza iliyachanganya katika oili yake ya injini, na jina Castrol limetokana na mafuta hayohayo. Ndege nyingi za Vita vya Kwanza vya Dunia ziliruka kwa mafuta ya nyonyo, kwa kuwa hayakubali kwa urahisi kuyeyushwa na petroli. Mti wa jalalani ukapaa angani.

Sitaki kulipamba gari hili kupita kiasi. Linapopanda mlima mkali, oili yote hukimbilia nyuma, na konrodi ya mbele, iliyo mbali kuliko zote, huanza kuona kiu; ndiyo sababu wenye magari haya wengi huongeza bomba la pili la kupeleka oili mbele. Petroli nayo, katika magari mengi ya aina hii, hushuka kwa uzito wake kutoka tangi lililo chini ya kiti, kwa hiyo kwenye mwinuko mkubwa huenda isifike kwenye kabureta. Madereva wa zamani walikuwa na dawa yao: waligeuza gari wakapanda mlima kinyumenyume.

Kipimo cha oili nacho kinategemea mvutano uleule wa dunia. Nyuma ya kasha la flaiwili kuna koki mbili, moja juu ya nyingine, na mwenye gari hana budi kuinama au kulala chini ili azifikie. Anafungua ya juu: ikitoka oili, imezidi. Anafungua ya chini: isipotoka, aongeze kabla hajawasha. Ikitoka ya chini, na ya juu ikabaki kavu, anafunga koki, anajifuta mikono, anakwenda mbele kuzungusha hendeli.