Je, Nia Njema Yatosha?

Mzee mmoja wa usharika alinijia asubuhi, akaniuliza: "Mchungaji, mtu ampaye mgonjwa dawa kupita kipimo kwa kumwonea huruma, ana kosa?"

Tutazame kwanza jinsi mwili ufanyavyo kazi. Kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500 chajulikana karibu kila nyumba, na mtu mzima asizidi vidonge 8 kwa siku moja (walio dhaifu wasifike hata hapo). Ini hugeuza sehemu ndogo ya dawa hiyo kuwa sumu, nalo lina akiba yake ya kuizima. Akiba ikiisha, sumu huliharibu ini lenyewe. Tena, jambo la kutisha ni hili: siku ya kwanza mgonjwa aweza kujiona mzima, wala asitafute msaada, nayo dawa ya kumwokoa hufaa zaidi akipewa kabla ya muda wa saa 8 kupita tangu kumeza. Macho huwa manjano baadaye.

Basi nalimjibu: hukumu ya moyo ni ya Mungu, lakini ini haliulizi nia ya mtoaji. Huruma isiyouliza kipimo humtuliza mtoaji kuliko mgonjwa.

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema ya kuwa mgonjwa ni mkewe, na vidonge alimpa jana jioni. Tukaondoka saa ile ile kwenda hospitali.